Michael Davitt, Mtoto wa Mkulima Aliyefukuzwa Shambani

Katika mji wa Dublin, makao makuu ya Ireland, kipo chuo kikuu cha kale kiitwacho Trinity College, kilichoanzishwa mwaka 1592 katika enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Ndani ya hifadhi ya nyaraka ya chuo hicho zimetunzwa barua, shajara, madaftari na picha za mtu aliyefariki mwaka 1906. Mwenye kuzifungua karatasi hizo na akumbuke jambo moja: yote aliyoyaandika mwenyewe yaliandikwa kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa mkono wake wa kulia ulikatwa alipokuwa mtoto wa miaka 11. Jina lake ni Michael Davitt, na wakulima wa Ireland hawajamsahau.

Kwamba karatasi zake zimelala mahali pale ni jambo la kustaajabisha. Kwa karne nyingi Trinity kilikuwa chuo cha Waprotestanti waliokuwa wakuu wa nchi. Kilikuwa miongoni mwa wenye ardhi wakubwa kabisa, na sehemu kubwa ya mapato yake ilitokana na kodi za mashamba. Kwa upande wao, maaskofu Wakatoliki waliwakataza waamini kusoma pale, na katazo hilo halikuondolewa mpaka mwaka 1970. Leo chuo kilekile kinatunza kwa uangalifu maandishi ya Mkatoliki, mwana wa mpangaji aliyefukuzwa, ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa kuivunja milki ya makabaila. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali ni hivyo, taabu za maskini ni zaidi. Maana tajiri anaye karani wa kumwandikia, bali maskini hana.

Davitt alizaliwa tarehe 25 Machi 1846 katika kijiji cha Straide, wilaya ya Mayo, magharibi ya Ireland. Nchi ilikuwa katika Njaa Kuu. Ugonjwa ulikuwa umeviozesha viazi mashambani, na viazi ndicho chakula walichotegemea wakulima maskini. Kati ya mwaka 1845 na 1852 walikufa watu wapatao milioni 1, na wengine zaidi ya milioni 1 wakaihama nchi. Ardhi ilikuwa mikononi mwa makabaila wachache, na wengi wao hawakukaa hata karibu na mashamba yao. Mkulima alipanga kipande chake bila hakika ya kesho. Akikitengeneza kikastawi, kodi iliweza kupandishwa; akishindwa kulipa, alitolewa nje yeye na watoto wake. Mnyonge hana haki, na pale Mayo neno hilo lilikuwa sheria.

Mwaka 1850 zamu ikawafikia wazazi wa Michael, naye alikuwa na miaka minne. Walikwenda kwanza kwenye nyumba ya maskini iliyowekwa na serikali. Huko mama aliambiwa kwamba mwanawe lazima atengwe naye, kwa kuwa amepita umri wa kukaa na wanawake. Mama yule akakataa. Akawashika watoto wake akatoka nao, akichagua barabara na njaa kuliko kuwatawanya. Jamaa hiyo ilivuka bahari mpaka Uingereza, ikaenda kukaa Haslingden, mji wa viwanda vya pamba katika Lancashire, palipokuwa na maskini wengi wenzao kutoka Ireland.

Michael alipokuwa na miaka tisa alianza kazi ya kiwandani. Tarehe 8 Mei 1857, alipoamriwa kusimamia mashine iliyozoewa na vijana wakubwa kuliko yeye, gurudumu lenye meno likaunasa mkono wake wa kulia na kuusaga. Baada ya siku chache madaktari waliukata. Hakulipwa fidia yoyote. Ndipo Mwingereza mmoja mwenye moyo mwema, ambaye si wa dini yake wala wa taifa lake, akamsaidia kuingia katika shule ya Wamethodisti. Hivyo mtoto wa Kikatoliki alifundishwa na Waprotestanti, bila kuiacha imani ya wazazi wake. Wema huo hakuusahau. Alijifunza kuandika kwa mkono uliobaki, na alipofika miaka 15 akapata kazi katika posta ya mji, iliyokuwa pia na kiwanda kidogo cha uchapaji. Jioni alisoma vitabu na kusikiliza hotuba za watetezi wa wafanyakazi.

Mwaka 1865 aliingia katika chama cha siri cha Fenian, kilichokusudia kuikomboa Ireland kwa silaha. Kanisa lilikilaumu chama hicho waziwazi, na mwaka 1870 Roma ilikilaani kwa jina. Lakini kijana aliyebeba moyoni mlango uliofungwa wa nyumba ya baba yake, na begani mkono usiokuwapo, alidhani hakuna njia nyingine. Alizunguka Uingereza na Uskoti akijifanya mchuuzi, huku akinunua bunduki na kuzipeleka Ireland kwa siri. Tarehe 14 Mei 1870 alikamatwa katika stesheni ya Paddington, London. Mahakamani ilisomwa barua aliyomwandikia kijana mmoja wa chama, aliyetaka kumwua mtu aliyeshukiwa kuwa msaliti. Ilionekana kama inakubali uuaji. Davitt alieleza baadaye, na kwa miaka mingi, kwamba aliiandika kwa hila ili kumchelewesha kijana yule mpaka wakubwa wamzuie. Haikumfaa kitu. Alihukumiwa miaka 15 ya kazi ngumu. Pamoja naye alihukumiwa fundi wa bunduki wa Birmingham, na Davitt akamwomba hakimu amwachilie fundi yule kwa kuwa hakujua silaha zinakwenda wapi, na kifungo chake kiongezwe juu ya kifungo chake yeye. Ombi hilo lilikataliwa.

Alikaa gerezani zaidi ya miaka saba, muda mwingi katika Dartmoor, mahali pa baridi na ukungu. Mtu wa mkono mmoja alivunja mawe, na alifungwa lijamu pamoja na wafungwa wengine kuvuta mkokoteni kama mnyama. Lakini gereza lilimpa nafasi ya kufikiri. Alianza kuuliza kwa nini wakulima hawakuinuka walipoitwa na Wafenian. Jibu alilolipata lilikuwa rahisi: mtu asiye na hakika ya kulala nyumbani kwake usiku wa kesho hawezi kuhangaikia bendera. Anayetaka kumwinua, na aanze na shamba lake.

Aliachiliwa kwa masharti mnamo Desemba 1877. Mwaka 1879 mavuno yaliharibika tena magharibi ya Ireland, na watu waliikumbuka Njaa Kuu. Tarehe 20 Aprili mwaka huo, kwa matengenezo ya Davitt na rafiki zake, maelfu ya wakulima walikusanyika Irishtown, katika Mayo, kudai kodi ipunguzwe. Hapa mwandishi wa gazeti la Kikatoliki hana ruhusa ya kuruka ukurasa. Davitt aliandika katika historia yake ya vita vya ardhi kwamba shamba lililosababisha mkutano ule lilikuwa chini ya padre. Kwa maelezo yake, haukupita muda kodi ikapunguzwa kwa robo. Miezi miwili baadaye ilitangazwa barua yenye jina la Askofu Mkuu MacHale wa Tuam, mzee aliyeheshimiwa kuliko wote, ikiwaonya watu wasiende kwenye mkutano wa Westport. Davitt alikwenda, na Charles Stewart Parnell, mbunge aliyekuwa mwenye ardhi na Mprotestanti, akasimama pamoja naye. Halafu Askofu Mkuu Croke wa Cashel akajitokeza kuwaunga mkono wakulima, na mapadre wengi wa vijijini wakapanda majukwaani pamoja na watu wao. Kwa hiyo si kweli kwamba Kanisa liliwaacha maskini, wala si kweli kwamba wachungaji wote waliamka saa ile ile.

Tarehe 21 Oktoba 1879 kiliundwa Chama cha Ardhi cha Ireland nzima. Parnell akawa rais, na Davitt akawa mmoja wa makatibu. Silaha yake haikuwa bunduki. Wakulima waliagana kwamba hakuna atakayechukua shamba ambalo mwenzake amefukuzwa, na atakayelichukua asisalimiwe njiani, asiuziwe kitu dukani, asisaidiwe kuvuna. Mwaka 1880 silaha hiyo ilimwangukia wakala wa kabaila mmoja katika Mayo, Kapteni Charles Boycott. Watumishi walimwacha, na vibarua wapatao 50 wakaletwa kutoka kaskazini chini ya ulinzi mkubwa wa askari ili wamvunie. Gharama ya ulinzi ilipita mbali thamani ya mavuno. Tangu hapo Waingereza hutumia jina la mtu yule kwa maana ya kususia. Hatuwezi kusema kwamba vita vya ardhi vilipita bila damu. Wapo waliouawa usiku, na ng'ombe waliokatwa miguu. Davitt alilaani matendo hayo mbele ya umati, mara nyingi mbele ya watu wasiopenda kusikia.

Serikali ilimrudisha kifungoni Februari 1881. Safari hii, katika gereza la Portland, aliruhusiwa vitabu na karatasi, akamfuga ndege mmoja mdogo aliyemwita Joe, na kitabu chake cha fikira za gerezani, kilichotoka mwaka 1885, amemtolea ndege huyo. Mwaka ule ule wa 1881 Bunge la London lilipitisha sheria iliyowapa wapangaji kodi ya haki na ulinzi wa kutofukuzwa ovyo. Davitt alifunguliwa tarehe 6 Mei 1882. Siku ile ile, katika bustani ya Phoenix huko Dublin, wakuu wawili wa serikali waliuawa kwa visu na kikundi cha siri. Davitt, pamoja na Parnell na John Dillon, alitoa tangazo la kulilaani tendo lile mbele ya taifa zima. Kijana wa mwaka 1870 alikuwa amekwisha kufa ndani yake.

Toka wakati huo alishika fikira ambayo wengi wa wenzake hawakuikubali, wala Parnell: kwamba ardhi iwe mali ya taifa zima, si ya kabaila mkubwa wala ya makabaila wadogo watakaozaliwa baadaye. Wakulima walitaka hati zao, na sheria ya mwaka 1903 iliwapa mikopo ya serikali kununua mashamba yao. Davitt aliinung'unikia akisema makabaila wamelipwa mno. Hata hivyo tendo kubwa lilikuwa limetendeka: ardhi ya Ireland ikaanza kurudi kwa wanaoilima, na haikuchukua kizazi kimoja kabla ya sehemu kubwa kuwa mikononi mwao. Yeye mwenyewe hakutajirika. Alimwoa Mary Yore mwaka 1886 huko Marekani, na nyumba waliyoishi karibu na Dublin ilikuwa zawadi ya wapenzi wao. Aliilisha jamaa yake kwa kalamu, akiandika katika magazeti, na ndiyo sababu madaftari yake ni mengi hivyo.

Ndugu msomaji, kama maisha ya Davitt yangeishia hapa, tungemhesabu kuwa mtetezi hodari wa watu wake. Watetezi wa namna hiyo ni wengi duniani, na sifa zao wanastahili. Lakini kipimo cha mpenda haki hakipatikani anapowalilia ndugu zake. Hupatikana anapoona machozi ya mgeni. Katika miaka yake ya mwisho Davitt aliwekwa mizanini mara tatu.

Mara ya kwanza ni katika bara letu. Oktoba 1899 Uingereza ilipoingia vitani na Makaburu wa Afrika Kusini, Davitt, aliyekuwa mbunge, alikiacha kiti chake kwa kupinga vita hivyo. Mwaka 1900 alisafiri mpaka huko, na mwaka 1902 akatoa kitabu cha kuwasifu Makaburu kama taifa dogo linaloonewa na dola kubwa. Kukiacha kiti kwa ajili ya dhamiri ni tendo la heshima. Lakini Mwafrika, ambaye ardhi ile ilikuwa yake kabla ya Kaburu na Mwingereza kuigombania, hakupewa katika kitabu kile uzito wa mtu mwenye haki. Mtoto aliyefukuzwa shambani Mayo alipita katika nchi ya watu waliofukuzwa mashambani, asiwatambue kuwa wenzake. Tunalisema hili bila uchungu, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ni onyo kwetu. Jicho lililofundishwa na mateso yake lenyewe laweza bado kuwa pofu kwa mateso ya mwingine.

Mara ya pili ni mwaka 1903. Wakati wa Pasaka katika mji wa Kishinev, uliokuwa wakati huo chini ya dola ya Urusi, watu waliojiita Wakristo waliwavamia Wayahudi, wakaua zaidi ya 40, wakavunja nyumba na maduka kwa mamia. Gazeti moja la Marekani lilimtuma Davitt kuchunguza. Aliingia nyumba kwa nyumba, akawasikiliza majeruhi na wajane, akahesabu, akaandika kwa mkono ule wa kushoto. Kumbukumbu zake za Kishinev zimo miongoni mwa karatasi za Dublin, na wataalamu wa historia huzitumia hata leo. Mwaka ule ule alitoa kitabu cha kuujulisha ulimwengu.

Mara ya tatu ilikuwa nyumbani, nayo ndiyo ngumu kupita zote. Januari 1904, katika mji wa Limerick, padre mmoja mtawa alihubiri dhidi ya Wayahudi wachache wa mji ule, na watu wakawasusia: wasinunuliwe kitu, wasilipwe deni. Silaha iliyotumika ilikuwa ile ile ya Chama cha Ardhi, na aliyeishika alikuwa mtu wa Kanisa lake, na waliomfuata walikuwa Waireland wenzake. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Davitt angeweza kunyamaza, na wengi wangemshukuru. Aliandika barua gazetini, akaupinga ususiaji ule waziwazi kama Mkatoliki na kama Mwireland, akisema kwamba uongo juu ya Wayahudi, alioona matunda yake Kishinev, usipandwe katika udongo wa nchi yake. Aliyemwonea ni mtu wa kwao, aliyeonewa ni mgeni. Naye alisimama upande wa mgeni.

Tarehe 30 Mei 1906 Davitt alifariki Dublin, mwenye umri wa miaka 60, kwa sumu iliyoingia katika damu baada ya kung'olewa jino. Alikuwa ameagiza kwamba asifanyiwe mazishi ya fahari. Mwili wake uliwekwa kanisani kwa Wakarmeli katika mtaa wa Clarendon, na watu zaidi ya 20,000 wakapita mbele yake bila kuitwa na mtu. Kisha ukapelekwa Mayo, ukazikwa Straide, karibu na mahali nyumba ya baba yake ilipokuwa imesimama. Kanisa dogo alimobatiziwa sasa ni nyumba ya makumbusho yake.

Katika wosia wake, alioandika miaka miwili kabla ya kufa, aliwaachia adui zake msamaha mzima. Akatoa pia agizo juu ya shajara zake: zisichapishwe bila idhini ya mkewe, na neno lolote kali aliloliandika humo juu ya mtu yeyote aliyepata kuifanyia Ireland kazi lisitolewe hadharani kwa kuwaumiza jamaa zake. Fikiri, msomaji. Mtu aliyepata kufungwa kwa barua alijua karatasi inavyoweza kuua. Hakutaka karatasi zake zimwue mtu. Alijua vilevile kwamba hasira ya usiku mmoja si hukumu ya maisha. Hakuzichoma shajara zake ili aonekane mtakatifu, wala hakuziacha ziwe fimbo ya kupigia wenzake. Miongo mingi ikapita, jamaa na wenzake wakaaga dunia, na mtaalamu wa Trinity, T. W. Moody, akazisoma kwa miaka mingi kabla ya kutoa kitabu chake kikubwa juu ya Davitt mwaka 1981.

Kwa sababu karatasi zilitunzwa, twaweza leo kumpima mtu huyu kwa haki: kumsifu kwa Limerick, na kumdai kwa Afrika Kusini. Jamaa zetu nyingi zina sanduku lenye barua za babu, hati ya shamba, cheti cha ubatizo na daftari la madeni. Zisiachwe zikaliwa na mchwa, kwa maana humo mna ushahidi wa waliofanya kazi na waliodhulumiwa. Na kila tunapodai haki yetu, iwe ya shamba, ya mshahara au ya jina jema, tutazame kando yetu ni nani mwingine aliyefukuzwa, ambaye sisi hatujamwona.